Kwa Nini Kikoi Kina Matamvua

Haya, aliyeshika ncha ya nguo aishike vizuri, na aliyekuja kula tende tu asogee kando awapishe wenye kazi. Mmeniuliza kwa nini kikoi, na kila nguo ya kufumwa kwa mkono, huishia kwa nyuzi hizi zinazoning'inia tuziitazo matamvua. Mmoja wenu amesema eti mfumaji alichoka. Lo, watoto wa siku hizi! Mfumaji hachoki hivyo. Nitawaambia ilivyokuwa, nami niliambiwa na walionitangulia, na sijaongeza chumvi ila pale palipohitaji.

Zamani hizo nguo hazikuwa na matamvua. Zilikuwa na mapindo manne, yote yamefungwa, laini pande zote kama jani changa la mgomba ambalo upepo haujalichana. Na nguo nzuri kupita zote zilitoka mji mmoja uitwao Nyuzini. Huko kila ukumbi ulikuwa na kitanda cha kufumia, na ukipita njiani asubuhi ulisikia mbao zikigongana nyumba hadi nyumba. Wanawake walilima pamba, wakaichambua mbegu, wakaisokota nyuzi. Wanaume walizichukua nyuzi hizo, wakazitanda juu ya kitanda kwa urefu, na huo ndio mtande. Kisha wakapitisha nyuzi nyingine kati yake, kushoto kwenda kulia na kulia kwenda kushoto, na huo ndio mshindio. Mtande bila mshindio ni nyuzi tu. Vikikutana, mtu anasitirika.

Watu wa Nyuzini walikuwa na fahari, na fahari yao ilikuwa na sheria zake. Mtande ukishatandwa, hufumwa mpaka uishe. Shubiri ya mwisho, ambapo mkono haupiti tena, mfumaji aliishona kwa sindano, uzi mmoja mmoja, macho yakimtoka, na shubiri hiyo peke yake ilikula muda kama nguo nzima. Mkono wa pili haukuruhusiwa kugusa mtande wa mwenziwe, awe ndugu, awe mwana. Na mtande haukukatwa kamwe, isipokuwa siku moja tu: siku mfumaji alipofariki. Hapo jamaa zake walishika kisu, wakazikata nyuzi alizoziacha kitandani, wakamzika nazo. Kwa hiyo huko Nyuzini kukata mtande kulikuwa na maana moja, kwamba mwenye kitanda hiki hayupo tena.

Walikuwa pia na desturi ya harusi, na hapo ndipo penye kisa chetu. Binti hakutoka nyumbani kwao ila amejifunika nguo iliyofumwa na baba yake mwenyewe. Nguo ikishuka kitandani, ndiyo siku ya harusi. Isiposhuka, hakuna ngoma, hakuna pilau, na hakuna wa kumharakisha fundi, maana kumharakisha fundi ni kumtukana.

Alikuwapo basi fundi mmoja jina lake Ussi. Mtu mpole, mwembamba, asiyependa makuu, na mkono wake wa kulia ulikuwa mwepesi ajabu. Mkewe aliitwa Bi Kazija, msokotaji aliyesokota uzi sawasawa mwanzo hadi mwisho, usione pale alipoanza wala pale alipopumzika. Mungu aliwapa mtoto mmoja tu, binti, wakamwita Miza. Miza alijifunzia kutembea kwa kushika miguu ya kitanda cha baba yake. Fundi Ussi alifuma, mtoto akacheza chini ya nguo, na mchana jua lilipoingia ukumbini rangi za nyuzi zilimwangukia usoni. Baba alimtazama akasahau mkono wake ulikuwa wapi. Mnacheka? Subirini nanyi mpate wenu.

Miza akakua, akachumbiwa na kijana aitwaye Shaame, mwana wa Bi Mgeni wa mtaa wa chini. Kijana mzuri, mchapakazi, na Miza alimpenda hata akawa anachota maji mara nyingi kuliko nyumba ilivyohitaji. Mshenga alikuja, maneno yakakubaliwa, na Fundi Ussi akaambiwa atande nguo ya mwanawe. Hapo moyo ukamwingia baridi. Alikaa mbele ya kitanda kitupu, akawaza nyumba bila Miza, asubuhi bila sauti yake uani, na akafanya jambo ambalo hakuna fundi wa Nyuzini aliyewahi kulifanya. Nguo ya bibi harusi ilikuwa ya pima mbili. Yeye alitanda pima mbili, akatanda nyingine mbili, akatanda tena. Nyuzi za ziada akazikunja kwenye mti wa nyuma wa kitanda, zikajiviringa huko mahali ambapo mgeni akija haoni.

Hakusema uongo hata neno moja, jamani. Alifuma kila siku kama kawaida. Aliyepita akauliza, "Fundi, nguo inaendaje?" alimjibu, "Inakwenda," na kweli ilikuwa inakwenda. Ila haikuwa inafika.

Kusi likaanza, kusi likaisha. Nguo iliyokwisha kufumwa ilikuwa imepita urefu wa kumfunika bibi harusi, naye Ussi aliikunja kwenye mti wa mbele akaendelea. Ilikuwa nguo ya peke yake. Nyeupe ya pamba isiyotiwa rangi, mistari ya nili pembeni, na kati ya mistari uzi mwekundu mwembamba uliokuja na kupotea, ukaja tena. Wafumaji wenzake waliosimama ukumbini kuitazama walisahau walikokuwa wakienda. Kila shubiri aliyofuma ilikuwa nzuri kuliko iliyotangulia, maana alikuwa akimwaga humo mapenzi yote aliyoshindwa kuyasema. Lakini mtaani watu walianza kunong'ona. Wengine walisema Ussi amezeeka mkono. Wengine walisema Miza ana kasoro ambayo wazazi wanaificha. Miza aliyasikia kisimani, akarudi na ndoo nusu, akalia jikoni akisingizia moshi.

Kisha likaja neno kutoka kwa Bi Mgeni. Jamaa zake walikuwa wamepata ardhi ng'ambo ya mto, na ilibidi wahame kabla ya masika kuufunga mto. Wakivuka, hawarudi mpaka mwaka mwingine. Mshenga alilisema kwa adabu, lakini lilikuwa neno zito: nguo isiposhuka kabla ya mvua, uchumba basi. Msimchukie Bi Mgeni. Hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa na mwana mmoja na mashamba ya kulima, na alikuwa amengoja kwa subira kuliko ambavyo mimi ningengoja.

Fundi Ussi alishtuka. Alirudi kitandani akafuma kwa haraka, akijaribu kuumaliza mtande alioutanda kwa mikono yake mwenyewe. Alifuma bila kula, akafuma mgongo ukimuuma. Na asubuhi moja, akiwa amenyoosha mkono kupitisha mshindio, kijiti cha uzi kilimponyoka. Akainama akiokote, asiweze. Mkono wa kulia ulining'inia kama wa mtu mwingine, mdomo ukapinda, akaanguka ubavuni mwa kitanda. Kiharusi, watoto wangu. Mungu atuepushe.

Mganga alikuja na mafuta ya nyonyo, akaukanda mkono, akasema haujafa, umelala. Huenda ukaamka baada ya mwaka, huenda baada ya miwili, na fundi atarudi kazini kwake. Ilikuwa habari njema kwa kila nyumba isipokuwa nyumba ile. Mtande haukatwi. Mkono wa pili haugusi. Na mawingu ya masika yalikuwa yameshaanza kujikusanya. Mzee Vuai, mkubwa wa wafumaji, mtu aliyezijua sheria zote na kuzipenda kuliko alivyowapenda watu, alikuja kumjulia hali mgonjwa, akakikagua kitanda, akasema, "Pole sana, fundi. Ngoja mkono wako." Akaenda zake.

Siku zikapita, na Ussi alipopata tena ulimi wake, aliwaita mkewe na mwanawe. Bi Kazija akaketi karibu naye na pamba yake mapajani, Miza akasimama mlangoni. Akawaambia. Aliwaambia juu ya mti wa nyuma na nyuzi zilizofichwa humo, na kwamba nguo ya Miza ilikuwa tayari tangu kusi, na kwamba yeye baba yake ndiye aliyemzuilia harusi, si uzee wala si kazi. Alilia kwa jicho moja, lile lingine halikuweza.

Bi Kazija hakuinua uso. "Mimi ndiye niliyekusokotea, Baba Miza," alisema. "Ulidhani uzi wote huo uliota kitandani? Niliupima kwa mikono hii. Nilijua tangu siku ya kwanza, na nilisokota nikanyamaza, kwa sababu hata mimi sikutaka aondoke."

Basi Miza akawatazama wawili hao, na hasira ikampanda. Alikuwa na haki yake. Aliyabeba maneno ya kisimani miezi mingi, akajiona ana kasoro kweli, kumbe kasoro ilikuwa kupendwa kupita kiasi. Alisema, "Baba, ungeniambia tu, 'Mwanangu, kaa nami kidogo.' Ningekaa. Kwa hiari yangu ningekaa." Akatoka uani, akaketi kwenye kinu kilichopinduliwa mpaka jua likageuka. Aliporudi alikuwa ameshanawa uso. Akampigia baba yake magoti, akasema atangoja. Shaame avuke mto, uchumba ukivunjika uvunjike, lakini mtande wa baba yake usiguswe. Maana ukikatwa, mji wote utamhesabu baba kuwa maiti. Hata mkono ukipona hataruhusiwa kuketi kitandani tena, na yeye Miza hatakubali kuolewa juu ya kaburi la kazi ya baba yake.

Ussi aliyasikia maneno hayo, na nawaambia, yalimuumiza kuliko kiharusi. Maana alikuwa amemzuia kwa hila, na sasa binti alikuwa anajizuia mwenyewe kwa ajili yake. Alitazama mkono wake uliolala, ule mkono uliompa jina na heshima na chakula. Akaupenda. Alijua utaamka. Kisha akamwambia mkewe awaalike watu: jamaa za Shaame, majirani, wafumaji wote, na Mzee Vuai. Wafike kesho asubuhi. Hakusema kwa nini, na Bi Kazija safari hii naye hakujua.

Wakaja, ukumbi ukajaa mpaka njiani. Ussi aliomba anyanyuliwe aketishwe mahali pake mbele ya kitanda. Watu walidhani anataka kuiaga nguo, wengine wakaanza kufuta machozi. Akavuta kwa mkono wa kushoto ile nguo iliyokunjwa, ikafunguka yote, na mistari ya nili ikatandazika mbele ya watu, wakasema mashallah. Kisha mkono ule wa kushoto ukatoka na kisu cha jikoni.

"Baba, usikate!" Miza alipiga kelele.

Akakata. Alizikata zile nyuzi tupu za mtande pale mbele ya ufumaji, shubiri moja kutoka nguo ilipokomea. Alikata kwa taabu, mkono usiozoea, nyuzi zikiachia fungu kwa fungu kwa sauti ndogo, mpaka la mwisho lilipoachia. Akasema kwa ulimi wake mzito, "Fundi Ussi amekufa leo. Baba Miza yupo hai. Nguo ya mwanangu imeshuka."

Lo! Mzee Vuai alipiga fimbo chini, akasema maji yakimwagika hayazoleki, na mtu huyu ameuaibisha mji. Lakini jambo baya zaidi lilikuwa linatokea kwenye nguo yenyewe. Nguo isiyofungwa pindo hufumuka. Zile nyuzi zilizokatwa zilikuwa zinaning'inia hazina cha kuzishika, na mshindio wa mwisho ukaanza kuteleza, ukafuata wa pili, ukafuata wa tatu. Kazi ya miezi yote ilikuwa inarudi kuwa nyuzi mbele ya macho ya watu, na Ussi alinyoosha mkono wake mmoja asijue ashike upande gani.

Bi Kazija akaruka. Hakuwahi maishani mwake kuketi kwenye kitanda cha kufumia, wala hakujua kufunga pindo. Mikono yake ilijua kazi moja tu, kusokota. Basi akazishika nyuzi chache zilizoning'inia, akazisokota pamoja juu ya paja lake, akazipiga fundo. Pale alipofunga, mshindio ukasimama. Akashika nyingine, akasokota, akafunga.

"Mkono wa pili haugusi mtande!" Mzee Vuai alinguruma.

"Huu si mtande tena, Mzee wangu, umeshakatwa," Bi Kazija alimjibu bila kuacha kazi. "Hizi ni nyuzi zangu. Nilizisokota mimi mara ya kwanza, nazisokota tena. Na nyinyi wanawake mnatazama nini? Mkono mmoja haulei mwana!"

Hapo ndipo ukumbi ulipoamka. Wanawake walimiminika, kila mmoja akashika nyuzi zake, jirani huyu fungu hili, shangazi yule fungu lile, wakasokota na kufunga, huku wakiulizana nani amelegeza na nani amekaza mno. Walipomaliza, mwisho wa nguo ulikuwa na safu ya vishungi vilivyosokotwa, vinacheza kila nguo ilipotikisika. Hakuna aliyewahi kuona kitu kama hicho. Ilikuwa nguo iliyoshikwa na mji mzima.

Bi Mgeni alikuwa amesimama na watu wake upande wa pili, ambako nguo ilianzia, na huko pindo lilikuwa limefungwa vizuri kwa sheria. Alilitazama, akawatazama wanawake wa upande ule, akasema, "Na sisi je? Mke anakuja kwetu, nasi tusiwe na letu humu?" Akaishika ncha ya mshindio wa kwanza kabisa, akauvuta. Watu wakashika vichwa. Akaufumua ule, akafumua uliofuata, mpaka nyuzi za mtande zikabaki tupu kiasi cha shubiri. Kisha akawaita dada zake, nao wakaketi wakasokota. Bi Kazija alipoona hivyo alicheka na kulia pamoja, akamwachia mwenzake nafasi kwenye mkeka.

Mzee Vuai hakusokota hata kimoja. Alichukua fimbo yake akaenda nyumbani, na nasikia alikufa akiwa bado amekasirika. Si lazima kila mtu aongoke hadithini.

Miza aliolewa kabla ya mvua. Na mkono wa Fundi Ussi uliamka baadaye, kama mganga alivyosema. Uliamka ukaweza kushika kikombe, ukaweza hata kushika kijiti cha mshindio. Vijana wa Nyuzini walimwambia, "Mzee, rudi kitandani, sheria ile nani anaijali sasa?" Lakini yeye alikuwa amesema neno lake mbele ya watu, na hakurudi. Ilimuuma, sitawadanganya. Wengine walimwona akipita mlangoni mwa wafumaji, vidole vikitembea peke yake ubavuni. Ila kila mara mjukuu kutoka ng'ambo ya mto alipoletwa kumsalimu, hakuna aliyemsikia akisema angefanya vingine.

Na tangu siku hiyo wafumaji hawafumi tena mpaka uzi wa mwisho. Mfumaji hufuma nguo yake kwa ustadi wote alionao, kisha huacha shubiri tupu kila upande, akaikata, akaitoa kwa wengine. Upande mmoja husokotwa na watu wa binti na upande wa pili na watu wa mume, na aliyekaza sana hutaniwa, na aliyelegeza hufunguliwa arudie. Ndiyo maana kikoi kina ncha mbili na zote zina matamvua, na ndiyo maana ukilifungua fundo moja tu la nguo hiyo, kazi ya fundi huanza kupotea.

Na ipo desturi moja iliyobaki, nayo ilianza asubuhi ile Miza alipotoka. Alikuwa amejifunika nguo yake, Shaame na jamaa wanangoja njiani, ngoma zinapigwa. Baba yake alikaa mlangoni kwa kuwa hakuweza kusimama, na nguo ilipompitia alilishika moja la matamvua kwa vidole vya mkono wa kushoto. Miza alihisi, akasimama, asigeuke. Ngoma zikanyamaza. Basi kila baba sasa hufanya vivyo hivyo kizingitini, hushika tamvua moja na kunyamaza, na bibi harusi husimama papo hapo kwa muda wote baba atakaotaka. Hakuna anayemharakisha. Kisha baba mwenyewe, kwa mkono wake, huachia.